Fungu moja la sukuma linashibisha watu wangapi?

Wakwe zangu walipotoka Butembo kuja kutusalimia hapa Goma, nilinunua mafungu manne ya sukuma. Manne! Kikapu kilijaa mpaka majani yakamwagika pembeni, na motari aliyenibeba akaniuliza kama nafuga sungura. Tulikuwa watu tisa mezani. Nilipofunua sufuria baada ya dakika kumi, mboga ilikuwa imejikunyata kule chini, unaiona ukiinama. Mama mkwe alichota kijiko kimoja, akasogeza bakuli upande wa baba mkwe, akasema kwa upole, “Mimi sambaza zinanitosha, binti yangu.” Sambaza zenyewe, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwa za kuhesabu.

Tangu siku ile nimeacha kuhesabu mafungu. Fungu ni majani yaliyozungushiwa kamba, na kila muuzaji anafunga kwa mkono wake. Mboga zikishuka kwa wingi kutoka Kibumba, fungu linanenepa. Zikiadimika, linakonda, na bei inabaki ileile, kwa hiyo hata huoni kwamba umepandishiwa. Ninachofanya sasa ni kuanza na watu, kisha uzito, halafu ndipo nije kwenye mafungu. Ni kazi ya nusu saa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mkono wenyewe unakumbuka.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni sukuma

Sukuma na shu, yaani kabichi, ni mmea mmoja kwa asili, wataalamu wanauita Brassica oleracea. Shu hujifunga kichwa, sukuma haijifungi: inapanda juu kama mti mdogo, na mkulima anachuma majani ya chini huku ya juu yakiendelea kuota. Ndiyo maana kiwanja kimoja kinatoa mboga miezi mingi. Kwetu inayouzwa zaidi ni ile ya majani mapana, laini, ya kijani cha kuiva. Ile ya majani yaliyojikunja kama nywele za mtoto haionekani mara nyingi, na ukiipata jua kwamba inadanganya macho zaidi, maana mikunjo inashika hewa na fungu linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Mara nyingine ndani ya fungu huchomekwa majani ya nje ya shu. Yanaliwa vizuri, lakini ni mazito, na unalipia mshipa. Utayatambua upesi: jani la shu limepinda kama bakuli, halina mkono wa maana, na mshipa wake kwa chini ni mpana na mweupe. Jani la sukuma lina mkono mrefu wa kushikia.

Hatua ya pili: hesabu watu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na sehemu moja kwa kawaida huhesabiwa gramu 80. Hiyo ni hesabu ya afya. Hesabu ya bugali ni nyingine. Mboga ikiwa ndiyo kitoweo kikuu, mimi naweka gramu 150 za majani yaliyokwisha safishwa kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto. Ikiwa kuna maharagwe au samaki wa kutosha pembeni, punguza kwa theluthi.

Nyumbani kwangu tuko wakubwa wanne na watoto watatu. Wakubwa ni gramu 600, watoto ni 225, jumla 825. Lakini hayo ni majani matupu, bila mikono wala mishipa minene. Ukitoa vitu hivyo, karibu theluthi ya uzito inaondoka. Kwa hiyo chukua uzito wa majani unayotaka, uongeze nusu yake: 825 na 412 ni kama kilo moja na robo. Huo ndio uzito wa kununua. Hesabu hii inafanyika kichwani ukiwa umekaa nyuma ya pikipiki.

Hatua ya tatu: jua fungu lako lina uzito gani

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu mama wa mboga hana mizani na wewe nyumbani huna. Tengeneza ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa ya nusu lita iliyojaa ni nusu kilo. Ganda la plastiki lina gramu chache tu, lisahau.

Chukua mpini wa ufagio, funga kamba katikati, uuninginize kwenye fremu ya mlango au kwenye tawi. Sogeza kamba mpaka mpini ukae sawa bila kuinama upande wowote. Ninginiza mifuko miwili inayofanana, mmoja kila ncha, umbali uleule kutoka kwenye kamba ya katikati. Hapo usiharakishe, kwa sababu mfuko mmoja ukikaa nje zaidi ya mwenzake mizani yote ni uongo. Tia fungu la sukuma upande mmoja, chupa ya nusu lita upande wa pili. Chupa ikishuka, imwage kidogokidogo mpaka mpini utulie. Maji yaliyobaki ndani ya chupa ndiyo uzito wa fungu. Sasa utayapimaje? Kwa biberoni ya mtoto. Ina mistari ya mililita ubavuni, na kila mililita ya maji ni gramu moja. Mwanangu wa mwisho aliacha biberoni miaka mitatu iliyopita na bado naitunza kabatini kwa kazi hii.

Fungu langu la kawaida lilitoka gramu 260. Nikaondoa mikono na mishipa, nikapima tena: 180. Ndipo nilipoelewa aibu yangu yote. Mafungu manne mara 180 ni 720, ukigawa kwa watu tisa unapata gramu 80 kila mtu. Wataalamu wa afya wangenipongeza. Wakwe ndio waliolala njaa.

Fanya hivyo kwa mafungu mawili au matatu ya wauzaji tofauti, halafu jambo muhimu: kabla ya kufungua kila fungu, lishike kwa mkono mmoja pale kamba ilipo. Langu la gramu 260, kidole gumba na cha kati vinakutana bila shida. Likiwa karibu na gramu 400 vidole havikutani tena. Mkono wako si wangu, kwa hiyo jitafutie alama yako mwenyewe, kisha uende nayo sokoni.

Kuhusu vikombe. Mapishi mengi ya kwenye simu yanasema “vikombe vinne vya sukuma iliyokatwa”. Usiyafuate kwa macho yamefumbwa. Katika majedwali ya Marekani kikombe kimoja cha sukuma mbichi iliyokatwa kimewahi kuandikwa gramu 67, na jedwali jingine likaandika kama gramu 20. Hakuna aliyedanganya: mmoja alikandamiza, mwingine aliacha majani yajikalie tu. Jaribu mwenyewe kwa kikombe cha chai, jaza kwa kudondosha, kisha ukandamize kwa ngumi uone ni mara ngapi utaongeza. Kikombe ni cha mchele na unga. Kwa majani, gramu.

Na sufuria? Sufuria inakubalika kama umeizoea. Majani yaliyokatwa yakijaa pomoni bila kukandamizwa, yakiiva yanashuka mpaka robo hivi, mengine machanga hata chini ya hapo. Watu wanasema mboga “imeisha”, lakini uzito haujaenda mbali. Jani linasimama kwa sababu chembe zake zimejaa maji, kama tairi lilivyojaa upepo. Moto ukipasua chembe hizo jani linalala, na hewa yote iliyokuwa katikati ya majani inatoka. Kwa hiyo kama unataka mboga iliyoiva ifike nusu ya sufuria, utaijaza mara mbili: tia mzigo wa kwanza, ukilala tia wa pili.

Hatua ya nne: sokoni, fungua fungu

Nenda asubuhi, mizigo ikishuka. Mimi hununua soko la Virunga, wengine Birere kwa sababu wanapita huko, na walio karibu na ziwa wana Kituku ambako mitumbwi na boti huleta vyakula kutoka pande za Minova. Saa nane mchana sukuma ileile ya asubuhi imekwisha nyunyiziwa maji mara tano na inang'aa kama imevunwa sasa hivi. Kung'aa si ushahidi.

Angalia kwanza pale mkono wa jani ulipokatwa. Ukiwa na unyevu na rangi ya kijani nyepesi, imevunwa jana jioni au leo. Ukiwa wa kahawia, umesinyaa au una tundu katikati, imelala. Kisha chagua jani moja, vunja mkono wake. Lililo zima linakatika “ta!” Lililochoka linapinda kama kamba ya kiatu. Muuzaji hatakasirika kwa jani moja, na akikasirika umeshapata jibu.

Jani liwe na rangi ya kijani iliyokolea hadi ukingoni. Umanjano kwenye ukingo ni uzee, na uzee wa sukuma una uchungu. Ukiona vichipukizi vya maua ya manjano ndani ya fungu, mmea umeshaanza kutoa mbegu, majani yake yatakuwa magumu. Urefu wa kiganja hadi kiganja na nusu ndio ninaoutaka. Jani refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko lina mshipa mnene kama kidole. Utalipia mshipa, utachoma makala (makaa) kuulainisha, na watoto watauweka pembeni ya sahani.

Matundu machache hayanisumbui. Mdudu aliyeng'ata jani na mimi tuna ladha moja. Kinachonisumbua kiko chini ya jani: geuza, utazame kando ya mshipa. Vidukari vya sukuma ni vya rangi ya kijivu, vimepakwa ungaunga, na vikiwa vingi unadhani mtu amemwaga unga wa muhogo pale. Vichache vinatoka kwa maji ya chumvi. Vikiwa vimejaa kila jani, rudisha fungu. Rudisha pia ukiona matone meupe yaliyokauka juu ya majani au ukisikia harufu ya dawa ya shambani, maana kuosha hakutoi dawa yote.

Halafu ndani. Majani mazuri huwekwa nje, hilo kila mtu anajua, lakini wengi wanaona haya kuuliza. Mimi nasema, “Mama, tulegezee kidogo kamba tuone moyo wake.” Siku moja mama mmoja pale Virunga alinijibu, “Mama, moyo wa mtu hauonekani, wa sukuma utauona?” Tukacheka wote wawili, akalegeza kamba, na kule ndani kulikuwa na majani matatu ya manjano yenye utelezi. Aliyatoa mwenyewe, akaweka mengine matano mazima, na mpaka leo ni kwake ninanunua. Ingiza pua pia. Maji yanayonyunyizwa yanashuka katikati ya fungu na kukaa humo, na jani linaloanza kuoza linatoa harufu ya shu lililochemka jana.

Sasa bei. Usishindane sana juu ya noti, kwa sababu noti ndogo za franka zinasumbua kurudishiana na mtapotezeana muda. Omba matabishi, yaani nyongeza, ya majani. Muuzaji ambaye hawezi kukurudishia chenji anaweza kukuongezea majani kumi bila maumivu, na kwa mafungu matano hiyo ni karibu fungu zima. Kabla ya kulipa shika fungu lake kwa vidole, ulinganishe na ile alama yako. La bei rahisi ambalo vidole vinalizunguka na kubaki ndilo la ghali.

Hatua ya tano: kulifikisha na kulitunza

Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa ukaacha juani. Ukifika, legeza kamba, toa jani lolote lililoanza kuharibika, simamisha mikono ya majani ndani ya bakuli lenye maji kidogo kama maua, funika juu kwa kitambaa chenye unyevu. Hapa Goma usiku ni baridi, kwa hiyo hata bila friji siku mbili yanavumilia. Usiyaoshe kabla ya kuyatunza. Na usiyaweke karibu na ndizi zinazoiva, kwa sababu ndizi hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani yageuke manjano upesi.

Hatua ya sita: kuosha, na huu mchanga wetu

Mgeni akila mboga Goma na kusikia “kru” kwenye jino, ajue amekutana na Nyiragongo. Udongo wa kando ya volkeno una chembe nyeusi nyepesi ambazo hujificha kwenye mikunjo karibu na mshipa. Kuna kosa moja ninaloliona kila jikoni: mtu anaosha majani ndani ya beseni, kisha anamimina maji na majani pamoja kwenye chujio. Mchanga uliokuwa umetulia chini unarudi juu ya majani. Fanya kinyume: tia majani kwenye maji mengi, yatikise, subiri dakika mbili mchanga utulie, kisha nyanyua majani kwa mikono na kuyaacha maji yake. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, kwa kawaida mara tatu. Maji ya kwanza yawe na chumvi kijiko kimoja, vidukari vinalegea.

Najua bidoni la maji linanunuliwa. Maji ya mara ya tatu bado ni masafi, yanafaa kuanzia fungu la pili, na ya kwanza yanaenda chooni.

Maji yakiwa ya ziwani, moto utashughulikia majani, lakini kisu, ubao na mikono yako havipikwi. Kipindupindu tunakijua mji huu. Tumia maji yaliyotiwa klorini kwa kuosha mara ya mwisho, na ikiwa unataka kuila mbichi kama saladi, basi klorini si jambo la hiari.

Osha majani mazima, kisha ukate. Ukikata kwanza, vitamini C inatoka kwenye kidonda cha jani na kwenda na maji.

Hatua ya saba: sufuriani

Kunja jani katikati, vuta mshipa utoke. Mishipa usiitupe. Ikatekate nyembamba kama vitunguu, uitie mafutani mapema pamoja na kitunguu na puaro (liki), dakika tano kabla ya majani. Hivyo ile theluthi uliyoilipia bure inarudi sahani, na hata hesabu ya kununua inapungua: nikijua nitapika na mishipa, nanunua kilo moja badala ya kilo na robo. Ile minene kabisa ya majani ya zamani, hiyo mpe sungura wa motari.

Majani machanga, dakika nane mpaka kumi zinatosha. Yaliyokomaa yanataka robo saa na zaidi. Goma iko juu, kama mita 1,500, na maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa hiyo muda ulioandikwa na mtu wa pwani uongeze kidogo.

Chumvi iwe ya mwisho. Hili nalo ni suala la kipimo: ukitia chumvi sufuria ikiwa imejaa majani mabichi, jicho linapima mlima, na baada ya dakika kumi mlima umekuwa kichuguu chenye chumvi yote ileile. Subiri majani yalale, kisha tia, onja, ongeza. Kibu cha mchuzi, kile kidonge cha kiungo, nacho kina chumvi, kihesabu.

Mafuta yawepo, ya mawese ukipenda, maana mwili unahitaji mafuta ili uchukue vitamini A ya majani. Sukuma ina jambo lingine zuri kuliko lengalenga (mchicha): kalsiamu yake haifungwi sana na asidi ya oksaliki, kwa hiyo inaingia mwilini vizuri zaidi. Ila kama kuna mzee nyumbani anayekunywa dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda, asiruke kutoka sukuma kidogo kwenda sahani nzima bila kumwambia daktari wake. Majani haya yana vitamini K nyingi, na hiyo inapunguza nguvu ya dawa. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilikabadilika.

Wakwe walirudi Pasaka iliyofuata. Wakubwa sita, watoto watatu: gramu 900 na 225, ongeza nusu, kilo 1.7 hivi. Kwa fungu la gramu 260 inatoka 6.5, nikachukua saba. Yalibaki mabakuli mawili. Asubuhi niliyachemsha upya mpaka moshi ukatoka vizuri, nikavunjia mayai manne juu, na baba mkwe akala amesimama, mlangoni mwa jiko.